Waamuzi na watu wa mezani: "penalti" ni adhabu gani katika kila mchezo?

Himbi_Sauti (Goma)

Jambo yenu. Nina swali kwa waamuzi, makocha na wale wanaokaa mezani siku ya mechi.

Tunaandaa utangazaji wa michezo ya shule kwa Kiswahili: mpira wa miguu, handibali, basketi na voleyi, siku moja, viwanja vinapakana. Wikiendi kipindi hichohicho kinafuatilia michezo ya nje kupitia chaneli za Kiingereza, na huko neno "penalty" linatoka kila dakika kwa mambo tofauti kabisa. Kwenye raga wanataja penalti, kisha mtu anapiga mpira nje kwa makusudi na timu yake inafurahi. Kwenye hoki ya barafu wanataja penalti na mchezaji anakwenda kukaa kibandani. Kwenye basketi maandishi hayo yanatokea ubaoni wakati hakuna hata anayejiandaa kurusha. Msikilizaji wetu akisikia penalti anajua jambo moja tu: mpira uko kwenye nukta na kipa yuko peke yake.

Nataka kujua neno linamaanisha nini hasa kwa kila mchezo, ishara gani ya mwamuzi niangalie ili nisikosee hewani, na mpira ukigonga mwamba ukarudi, bado unachezwa au umekufa? Hilo la mwisho ndilo linaloangusha watangazaji wengi.

Katuba_Filimbi (Lubumbashi)

Mukubwa Himbi, kwa Kiingereza neno hilo ni adhabu tu, ya aina yoyote. Hata faini ya kuchelewesha kodi wanaiita hivyo. Sisi tulilipokea kutoka mpira wa miguu, tukalifunga kwenye mita 11, basi. Kwa hiyo kila mchezo uulize mambo matatu: nani analipa, analipa nini (shuti, dakika, pointi au mita), na baada ya kulipa mpira unaendelea au unasimama.

Nianze na mpira wa miguu kwa sababu huo ndio unaopotosha mingine. Penalti iliingia kwenye sheria mwaka 1891, kwa pendekezo la William McCrum, kipa wa Ireland. Kabla ya hapo beki aliyezuia goli kwa mkono mbele ya mlango alipata faulo ya kawaida tu, na timu nzima ikajipanga mstarini kuizuia.

Penalti inatolewa pale mchezaji anapofanya, ndani ya boksi lake mwenyewe na mpira ukiwa unachezwa, kosa ambalo nje ya boksi lingekuwa mkwaju wa moja kwa moja, ule unaoweza kufungwa golini bila mwingine kuugusa. Kinachoangaliwa ni mahali kosa lilipotendeka. Mpira unaweza kuwa katikati ya uwanja. Beki akimpiga mtu kiwiko ndani ya boksi lake, ni penalti. Mstari wenyewe ni sehemu ya boksi. Na kumshika mtu jezi kukianza nje kukaendelea hadi ndani, ni penalti vilevile. Lakini kipa akidaka pasi ya mguu ya mwenzake, au mchezo wa hatari usiogusa mtu, huo ni mkwaju usio wa moja kwa moja hata kama uko mita 5 kutoka goli. Hapo mashabiki watapiga kelele "penalti!" Wewe usiwafuate. Ukiona mwamuzi ameinua mkono juu na kuuacha hukohuko, si penalti. Akinyoosha kidole kwenye nukta, ndiyo.

Utaratibu wa kupiga: mpigaji anatambulishwa, mpira unatulia kwenye nukta, kipa anabaki kwenye mstari wa goli akimtazama mpigaji, hagusi nguzo, mwamba wala nyavu. Wengine wote wako nje ya boksi, nyuma ya mpira, na mita 9.15 kutoka kwenye nukta. Ndiyo maana pale mbele ya boksi pana ule mviringo: ukingo wa boksi uko mita 5.5 tu kutoka nukta, kwa hiyo bila mviringo mtu angesimama karibu mno. Mviringo hauna kazi nyingine. Kosa likifanyika ndani yake si penalti, na nimesikia watangazaji wakubwa wakisema kinyume.

Mpira lazima uende mbele. Kisigino kinaruhusiwa, hata pasi fupi kwa mwenzako inaruhusiwa. Kusitasita wakati wa kukimbia kuja kwenye mpira ni halali. Kudanganya *baada* ya kumaliza kukimbia ni kadi ya njano, na wapinzani wanapata mkwaju usio wa moja kwa moja.

Kipa anatakiwa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli, sambamba nao au nyuma yake mpira unapopigwa. Akitoka mapema akauokoa, inarudiwa. Akitoka mapema lakini mpira ukaenda nje au ukagonga mwamba, hairudiwi, isipokuwa kama kutoka kwake kulimvuruga mpigaji waziwazi. Mara ya kwanza anaonywa kwa mdomo, akirudia ni njano.

Sasa mpira unaorudi. Kipa akiupangua, mpigaji anaweza kuupiga tena na goli ni halali. Ukigonga mwamba au nguzo bila kuguswa na mtu, mpigaji HARUHUSIWI kuugusa, mwenzake anaruhusiwa. Na kama muda wa kipindi umekwisha na mwamuzi ameongeza muda ili penalti ipigwe tu, hakuna anayeruhusiwa kuumalizia: kipa akiutema, kipindi kimekwisha.

Kwa shule zenu, kabla ya hayo yote pimeni nukta. Mita 11 zinahesabiwa kutoka ukingo wa nyuma wa mstari wa goli hadi katikati ya nukta, kwa futi ya fundi na si kwa hatua za mwalimu mrefu. Kisha pigeni msumari kwenye nukta, fungeni kamba ya mita 9.15, zungusheni chokaa. Kwenye changarawe ya volkano ya Goma chokaa haikai. Mvua moja na nukta imepotea, kwa hiyo acheni kigingi kifupi kimezama ardhini kuonyesha mahali pake, kisiinuke juu ya udongo.

Virunga_Mupira (Goma)

Yaya Katuba umesema vizuri, ila umesahau penalti za mwisho, zile za baada ya dakika 120. Kama sisi Wakongo dhidi ya Misri kwenye Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire mwaka 2024, tulishinda 9-8 ukijumlisha.

Katuba_Filimbi (Lubumbashi)

Hapana leki, usijumlishe. Mechi ile imeandikwa 1-1. Mikwaju 8-7 ni njia ya kuamua nani anasonga mbele, na magoli yake hayaingii kwenye matokeo wala kwenye hesabu ya mfungaji bora. Na mechi hiyohiyo inamfaa Himbi kwa mfano, maana ilikuwa na penalti za aina zote mbili. Meschack Elia alitupa goli la kwanza, Mostafa Mohamed akasawazisha kwa penalti ya ndani ya mchezo. Hiyo ni goli kamili, linahesabiwa. Mwishoni kipa wao Gabaski akagonga mwamba na kipa wetu Lionel Mpasi akafunga mkwaju wa ushindi. Huo ni goli la kuamua tu. Kwenye kumbukumbu Mpasi hana goli katika mechi ile.

Kwa Kifaransa hakuna utata, kwa sababu tirs au but ni jina la pekee. Kiingereza ndicho kinachoita vyote "penalties". Kwa Kiswahili sema "penalti" kwa ile ya ndani ya mchezo na "mikwaju ya penalti" kwa ile ya mwisho. Watanzania wanasema matuta na kila mtu anawaelewa.

Tofauti za kiutendaji ni hizi. Kwenye mikwaju ya mwisho hakuna kumalizia mpira uliorudi, hata kwa aliyepiga. Wanapiga waliokuwa uwanjani mechi ilipomalizika tu. Timu yenye watu wengi inapunguza hadi zilingane: Misri walikuwa wamepata kadi nyekundu kwenye muda wa nyongeza, kwa hiyo sisi tulitakiwa kumweka mmoja pembeni. Na hakuna anayerudia hadi wote wa timu yake wamepiga, kipa akiwemo.

Jambo jipya la kuweka kichwani: mpigaji akiteleza na mpira ukagusa miguu yake yote miwili bila kukusudia. Tangu ufafanuzi wa IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, wa Juni 2025, ukiingia mkwaju unarudiwa. Usipoingia, kwenye mikwaju ya mwisho unahesabiwa umekosa. Ndani ya mchezo wapinzani wanapata mkwaju usio wa moja kwa moja. Ufafanuzi ulitoka miezi michache baada ya mkwaju wa Julián Álvarez wa Atlético Madrid dhidi ya Real Madrid kufutwa.

Ndosho_7m (Goma)

Handibali nichukue mimi. Watangazaji wa Kiingereza wanasema penalti, sheria inasema mtupo wa mita 7, Wafaransa jet de 7 mètres. Himbi, uwanjani sema "mita saba" tu, wachezaji wote wa Goma wanaiita hivyo.

Tofauti kubwa na mpira wa miguu: haitegemei boksi. Nafasi ya wazi ya kufunga ikiharibiwa kwa kosa *popote* uwanjani, ni mita saba. Mtu anakimbia peke yake kwenye kontra (shambulizi la kushtukiza), anavutwa jezi katikati ya uwanja: mita saba. Hapo ndipo mtangazaji aliyezoea soka anasema "faulo tu, ilikuwa mbali na goli", kisha anashangaa mwamuzi anaelekeza mkono kwenye mstari ule mfupi. Vilevile beki akiingia ndani ya eneo la kipa, lile la mita 6, ili kumzuia mshambuliaji mwenye nafasi ya wazi.

Mtupaji anasimama nyuma ya mstari wa mita 7, si zaidi ya mita moja nyuma yake. Anasubiri filimbi. Ikilia ana sekunde 3. Sehemu ya mguu mmoja haiachi sakafu hadi mpira umetoka mkononi. Mguu wa pili anaweza kuuinua na kuushusha. Kosa la vijana wengi ni kusogea kidogokidogo na danganya toto zao hadi kidole cha kiatu kinagusa mstari kabla mpira haujatoka. Goli linafutwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kaeni pembeni sambamba na mstari mtaliona. Nyuma ya goli halionekani.

Kipa yeye anaruhusiwa kutoka, kinyume na soka, hadi alama ya mita 4, ule mstari mfupi wa sentimita 15. Akiipita kabla mpira haujatoka na goli lisipopatikana, inarudiwa. Wengine wote wako nyuma ya mstari wa mita 9 uliokatikakatika, na mabeki wawe mita 3 kutoka mstari wa mita 7.

Mpira unaorudi: uko hai. Na hapa sikiliza vizuri, maana ni kinyume na alivyoeleza yaya Katuba. Ukigonga nguzo ukarudi mikononi mwa mtupaji mwenyewe, anaruhusiwa kutupa tena. Sheria inataka uwe umegusa mpinzani *au goli*, na nguzo ni goli.

Kadi nyekundu inayowashangaza watu: mtupaji akimpiga kipa kichwani kwa mpira wa mita saba na kipa hakusogeza kichwa kuufuata, mtupaji anatolewa.

Halafu kuna zile dakika 2. Kiingereza wakati mwingine nazo wanaziita penalti. Mwamuzi ananyoosha vidole viwili juu. Mchezaji anatoka, timu inabaki na mtu mmoja pungufu kwa dakika zote 2 hata ikifungwa goli. Akifikisha mara tatu ni nyekundu. Kosa moja linaweza kuleta vyote, mita saba *na* dakika mbili, kwa hiyo usitangaze kimoja ukanyamaza.

Himbi_Sauti (Goma)

Aksanti sana. Hilo la nguzo sikulijua kabisa. Kwenye basketi je? Ubao unaonyesha "penalty", na mechi inaendelea kama kawaida.

Kadutu_Mezani (Bukavu)

Kaka Himbi, kwa sababu pale si tukio, ni *hali*. Timu imeingia kwenye adhabu na itakaa humo hadi robo iishe.

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi duniani, kila timu inahesabiwa makosa yake katika kila robo ya dakika 10. Manne ya kwanza, kama hayakuwa kwa mtu anayerusha, yanarudishwa kwa mpira wa pembeni tu. Timu ikishafikisha manne, kuanzia la tano kila kosa la mlinzi linampa aliyefanyiwa mitupo huru 2, ile mnayoita lancer-franc, hata kama alikuwa anadunda mpira mbali na kikapu. Robo mpya, hesabu inaanza sifuri. Isipokuwa muda wa nyongeza: huo unahesabiwa kuwa mwendelezo wa robo ya nne, makosa yanabaki palepale. Mezani kwenye mashindano ya shule hapa ndipo panapoharibika, mwandishi anafuta kila kitu dakika 40 zikiisha, na kocha wa upande wa pili ana haki ya kuja juu.

Ishara yako iko juu ya meza. Ni alama nyekundu inayosimamishwa kwenye ncha ya meza iliyo upande wa benchi la timu iliyofikisha makosa manne. Inawekwa mpira unapoanza kuchezwa tena baada ya kosa la nne, si filimbi inapolia. Kwa hiyo ukiiona, mwambie msikilizaji: "Timu fulani imejaza makosa, kuanzia sasa kila kosa ni mitupo miwili." Usiseme "penalti". Atatafuta mpigaji na hamwoni. Shule zisizo na alama ya dukani, ubao wa plywood uliopakwa rangi nyekundu unatosha. Sheria inataka angalau sentimita 20 kwa upana na 35 kwa urefu.

Kosa la timu iliyo na mpira, kwa mfano mshambuliaji anapomkanyaga mlinzi aliyesimama, linaingia kwenye hesabu lakini halitoi mitupo hata kama timu iko kwenye adhabu. Mashabiki wa Kadutu hawataki kulielewa hili, watalia tu, waache walie.

NBA, ligi ya Marekani, ni tofauti kidogo: robo yao ni dakika 12, adhabu inaanza kwenye kosa la tano pia, lakini ndani ya dakika 2 za mwisho za robo inatosha kosa la pili hata kama timu ilikuwa haijajaza.

Mpira unaorudi: mtupo wa kwanza kati ya miwili ukikosa, mpira umekufa, mrushaji anarudishiwa. Wa mwisho ukikosa, uko hai na watu wanarukiana. Mrushaji ana sekunde 5, na haruhusiwi kukanyaga mstari hadi mpira uguse ringi.

Voleyi nimalizie hapahapa, maana ndiko aibu ya hewani inakotokea. Kadi nyekundu kwenye voleyi haimtoi mtu. Nyekundu *ndiyo* penalti: wapinzani wanapewa pointi moja na sevu, na mchezaji anabaki uwanjani. Njano ni onyo tu, haina pointi. Mwamuzi akishika njano na nyekundu pamoja katika mkono mmoja, mchezaji anatolewa hadi seti iishe. Akizishika moja mkono huu, nyingine mkono ule, ameondolewa mechi nzima. Angalia mikono, usiangalie rangi.

Na kuna ya kuchelewesha mchezo: mara ya kwanza onyo kwa timu, mara ya pili nyekundu na pointi inakwenda upande wa pili. Onyo hilo ni la timu nzima kwa mechi nzima. Kwa hiyo seti ya tatu nahodha akifunga kamba za viatu polepole anaweza kulipia alichokifanya mwenzake kwenye seti ya kwanza.

Ruashi_XV (Lubumbashi)

Raga kwa kifupi. Penalti kwenye raga ni *menyu*. Timu iliyokosewa inachagua moja: kupiga golini kwa pointi 3, kupiga mpira nje ya mstari wa pembeni, kuomba skramu (wachezaji wa pande mbili wanajifunga pamoja na kusukumana kugombea mpira), au kuugonga mpira kidogo kwa mguu na kuondoka nao mbio. Wapinzani wanarudi mita 10. Wasiporudi na wakasumbua, mwamuzi anasogeza alama mita 10 nyingine mbele.

Yule aliyepiga nje na timu ikafurahi: kwa penalti, timu iliyopiga nje ndiyo inayorusha mpira tena ndani. Kwa hiyo amejinunulia hata mita 40 na mpira bado ni wao. Mpira wa adhabu ndogo, ule wa kosa la kiufundi, hautoi hilo: ukipiga nje wanarusha wapinzani, na huwezi kupiga golini.

Kuzitofautisha ukiwa mbali: mkono wa mwamuzi umenyooka, umeinuka kuelekea upande wa timu iliyokosewa, ni penalti. Kiwiko kimekunjwa, kiganja kiko juu, ni adhabu ndogo. Mkono umenyooshwa mbele usawa wa kiuno na mchezo unaendelea, ni nafasi ya faida. Msubiri, anaweza kurudi nyuma.

Nahodha akishasema "tunapiga golini" hawezi kubadili. Mpigaji ana sekunde 60. Mpira upite juu ya mwamba ulio mita 3 kutoka ardhini na katikati ya milingoti iliyoachana mita 5.6. Ukigonga mlingoti ukarudi uwanjani, mchezo unaendelea, kila mtu anaweza kuudaka.

Ukisikia "penalty try", wala hakuna anayepiga kitu. Mwamuzi anakimbia hadi katikati ya milingoti na kutoa pointi 7 papo hapo, kwa sababu mchezo mchafu ulizuia trai (kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) ambayo ingefungwa. Aliyefanya kosa anapata njano au nyekundu. Njano ya raga ni dakika 10 nje.

Nguba_Tele (Bukavu)

Za kwenye televisheni nitazipitia haraka, hakuna atakayezicheza Bukavu wiki hii.

Hoki ya barafu: malipo ni dakika. Adhabu ndogo dakika 2, kubwa dakika 5, mchezaji anakaa kibandani na timu inacheza pungufu. Ile ya dakika 2 inakatika wapinzani wakifunga goli. Ya dakika 5 haikatiki. Wana pia shuti la penalti: mtu mmoja anakuja na kidude chao kutoka katikati dhidi ya kipa peke yake.

Hoki ya nyasi: kuna mbili, msizichanganye. Penalti kona: mpira unasukumwa kutoka mstari wa nyuma angalau mita 10 kutoka nguzo, walinzi 5 tu pamoja na kipa wanakaa nyuma ya mstari, na mpira lazima utoke nje ya nusu duara kabla ya kupigwa golini. Penalti stroku: mtu na kipa, mita 6.40. Hii ya pili ndiyo inayofanana na yetu.

Futsali, soka ya ukumbini: penalti ni mita 6. Lakini kuanzia kosa la sita la timu katika kipindi kimoja, wapinzani wanapiga bila ukuta kutoka nukta ya mita 10. Mtangazaji wa Kiingereza anasema penalti ya pili, wewe sema mkwaju wa mita kumi.

Gofu: malipo ni pigo moja au mawili ya nyongeza kwenye kadi. Tangu 2019 maeneo ya maji na vichaka yanaitwa "penalty area", maneno yaleyale ya boksi la soka, lakini kuingia humo peke yake si kosa. Ukiweza kuupiga mpira palepale ulipo hulipi kitu, unalipa ukiutoa.

Formula 1, mbio za magari: sekunde 5 au 10. Dereva akiingia kubadili matairi, mafundi hawagusi gari hadi zipite. Asipoingia tena, zinaongezwa kwenye muda wake wa mwisho. Ndiyo maana aliyevuka mstari wa kwanza anaweza kutangazwa wa tatu.

Riadha ya kutembea: kadi nyekundu tatu, unaingia kwenye eneo la adhabu, dakika 2 kwa mbio ya kilomita 20. Ya nne, umetolewa. Baiathloni ya kwenye theluji, kuteleza na kulenga shabaha: kila risasi iliyokosa shabaha ni mzunguko wa mita 150, isipokuwa mbio ya mtu binafsi ambako kwa kawaida inaongezwa dakika moja. Theluji yetu iko Ruwenzori tu na hakuna anayepiga risasi huko kwa michezo, kwa hiyo nitaishia hapo.

Himbi_Sauti (Goma)

Aksanti nyote, mmenipa kazi na mmeniondolea kazi. Nimejiandikia vibandiko vya mezani hivi, mnikosoe:

Soka: "penalti" na "mikwaju ya penalti". Handibali: "mita saba", halafu naangalia vidole viwili. Basketi: "timu imejaza makosa". Voleyi: "nyekundu, timu inapoteza pointi moja, mchezaji anabaki". Raga: "penalti, wanachagua", kisha nasubiri nahodha. Hoki ya barafu: "ametolewa dakika mbili".

Kadutu_Mezani (Bukavu)

Rekebisha voleyi. Timu *haipotezi* pointi, wapinzani *wanapata* moja. Ubao ukiwa 24-23 na nyekundu ikaenda kwa timu yenye 23, seti imekwisha 25-23 bila mtu kugusa mpira. Ukisema "inapoteza", msikilizaji atahesabu 24-22 na kusubiri sevu ambayo haitapigwa.

Ndosho_7m (Goma)

Na kwenye kibandiko cha handibali ongeza "nguzo = hai". Utaihitaji.

Katuba_Filimbi (Lubumbashi)

Cha soka andika chini yake: "nguzo = mpigaji hagusi". Vibandike vyote viwili upande mmoja wa meza, maana viwanja vyenu vinapakana.